Tusimtwishe Mtoto Njiti Mzigo wa Dawa Asiyoihitaji

Mwaka 2020, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa duniani kabla ya kutimiza majuma 37 tumboni mwa mama zao. Mwaka mmoja kabla ya huo, yaani 2019, watoto karibu 900,000 walipoteza maisha kutokana na matatizo ya kuzaliwa kabla ya siku. Miongoni mwa mambo yote yanayowaua watoto walio chini ya umri wa miaka mitano, hili ndilo linaloshika nafasi ya kwanza.

Ndugu msomaji asidhani kwamba nakusudia kumhubiria hofu. Nia yangu ni kuzungumzia kosa moja la kufikiri, dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo, ambalo limewapotosha wazazi na hata madaktari waliobobea, katika nchi tajiri na katika nchi maskini. Kosa lenyewe ni hili: mtoto njiti akicheua maziwa na tena akasita kuvuta pumzi, watu huamua papo hapo kwamba kucheua ndiko kulikoikata pumzi. Wakisha kuamua hivyo, humtafutia mtoto dawa ya kuzuia tindikali ya tumbo. Kwa miaka mingi uamuzi huo ulionekana kuwa wa busara. Leo tunayo sababu ya kutosha kusema kwamba kwa sehemu kubwa haukuwa sahihi, na kwamba dawa iliyofuata uamuzi huo yaweza kumdhuru mtoto badala ya kumwokoa.

Nayaandika haya kwa watumishi wa serikali na kwa walimu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Mtumishi ndiye aandaaye makisio ya fedha za hospitali ya wilaya, ndiye aagizaye dawa, ndiye aidhinishaye likizo ya mzazi. Mwalimu naye, hasa kijijini, ndiye ambaye jirani humwendea na cheti cha hospitali mkononi ili amsomee na kumfafanulia. Hawa wakielewa jambo, wengi wataelewa.

Hebu tuanze na pumzi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku ametoka tumboni mahali ambapo hakuhitaji kupumua kwa mapafu yake. Mama alimpumulia kwa njia ya damu. Sehemu ya ubongo inayoamrisha kuvuta pumzi ilikuwa bado inajengwa alipozaliwa. Kwa mtu mzima, hewa chafu ikizidi katika damu, ubongo hutoa amri mara moja, na kifua hutii. Kwa mtoto njiti amri hiyo ni dhaifu, na wakati mwingine haitolewi kabisa. Isitoshe, koo lake ni laini na hujifunga kwa urahisi, hata pale kifua kinapojitahidi kuvuta hewa. Kwa sababu hizo pumzi husita. Madaktari huhesabu kuwa ni tukio la hatari pumzi inaposita kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi kuliko huo ikiwa mapigo ya moyo yanapungua au oksijeni katika damu inashuka. Kadiri mtoto alivyozaliwa mapema ndivyo jambo hili linavyomwandama zaidi. Waliozaliwa kabla ya majuma 28 karibu wote hupatwa nalo. Kwa wengi huisha lenyewe wanapokaribia umri ambao wangepaswa kuzaliwa, ingawa kwa wale waliozaliwa mapema mno laweza kuendelea majuma kadhaa zaidi.

Sasa tutazame kucheua. Mwishoni mwa umio, pale unapoungana na tumbo la chakula, pana msuli wa mviringo ufanyao kazi ya mlango. Msuli huo hulegea mara kwa mara, kwa mtoto na kwa mtu mzima pia. Lakini mtoto njiti hulala muda wote, chakula chake chote ni majimaji, na kwa uzito wake hupewa maziwa mengi sana. Tena mara nyingi huyapata kwa njia ya mpira uliopitishwa puani au mdomoni mpaka tumboni. Basi mlango ukilegea, maziwa hupanda. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006 uliwapima watoto njiti wenye afya nzuri kwa muda wa saa 24, ukaona kwamba kwa wastani maziwa yalipanda katika umio mara 71 kwa siku. Yafaa kuzingatia maneno hayo: watoto wenye afya nzuri. Tena sehemu kubwa ya yale yaliyopanda hayakuwa na tindikali kali, kwa sababu maziwa yenyewe huipunguza makali. Ni dhahiri basi kwamba kucheua kwa mtoto njiti, katika hali ya kawaida, ni sehemu ya ukuaji wake. Si maradhi.

Tunayo, kwa hiyo, mambo mawili ambayo yote humpata mtoto yule yule, katika majuma yale yale, na mara nyingi kwa siku. Je, ni ajabu kwamba siku moja yatakutana? Mtoto anayecheua mara sabini kwa siku, na ambaye pumzi yake husita mara kumi au ishirini kwa siku, hana budi siku fulani kuyafanya mawili hayo kwa dakika moja. Mama aliyeketi kando yake akiona hivyo, na akaona hivyo mara ya pili, atakuwa na hakika isiyotikisika kwamba amekwisha kukijua chanzo.

Wala tusiwacheke waliofikiri hivyo, kwa maana hoja yao haikukosa msingi. Majaribio kwa wanyama wachanga yalikwisha kuonyesha kwamba majimaji yakigusa sehemu ya juu ya koo, pumzi husimama. Ni kinga ya maumbile, ili kiumbe kisivute maji mapafuni. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliojua habari hiyo, na waliowaona watoto wakicheua na kusita kupumua, waliunganisha mambo hayo mawili kwa njia iliyoonekana ya kisayansi. Dawa za kuzuia tindikali zilipopatikana zikaingia katika wodi za watoto wachanga. Zikafuatwa na dawa za kuharakisha chakula kishuke tumboni. Zilitolewa kwa nia njema. Lakini nia njema si ushahidi.

Ushahidi ulianza kupatikana pale watu walipoacha kukisia wakaanza kupima. Viliundwa vyombo vyembamba vinavyowekwa ndani ya umio kuandika kila mara maziwa yanapopanda, yawe na tindikali au yasiwe nayo. Na wakati huo huo vyombo vingine vikaandika pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni. Kisha saa ya tukio la huku ikalinganishwa na saa ya tukio la kule. Mwaka 2002 uchunguzi wa namna hiyo ulichapishwa katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani, na matokeo yake yalikuwa kwamba hapakuwa na uhusiano wa wakati kati ya kucheua na kusita kwa pumzi. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine wa Marekani uliwahusu watoto 71 ambao tayari walikuwa wanashukiwa kuwa na tatizo hilo. Yaliandikwa matukio zaidi ya 12,000 ya pumzi, moyo au oksijeni kushuka, na matukio zaidi ya 4,000 ya kucheua. Katika matukio yote ya pumzi na moyo, yaliyotanguliwa na kucheua hayakufika 3 kwa kila 100.

Zaidi ya hayo, wachunguzi wengine waliona dalili za mambo kwenda kinyume cha vile ilivyodhaniwa: pumzi inaposita, ule msuli wa mlango wa tumbo nao hulegea, na baada ya hapo ndipo maziwa yanaweza kupanda. Kwa maneno mengine, pale mawili hayo yanapofuatana, yaelekea mara nyingine kile kilichodhaniwa kuwa chanzo ndicho kilichokuwa matokeo. Mwalimu atanielewa upesi hapa. Jogoo huwika na alfajiri ikaingia, lakini hakuna mwalimu atakayempa alama mwanafunzi aandikaye kwamba jogoo ndiye alileta jua. Kufuatana kwa mambo mawili ni jambo moja, na kusababishana ni jambo jingine.

Labda ataulizwa mwandishi huyu: kuna ubaya gani basi? Ikiwa dawa haimsaidii mtoto, si itapita tu? Hapa ndipo penye uzito wa shauri lenyewe. Tindikali ya tumbo haikuwekwa pale bure. Ni askari wa mlangoni. Vijidudu viingiavyo pamoja na chakula, au kwa njia ya mpira wa kulishia, vingi huangamia katika tindikali kabla ya kuufikia utumbo. Mtoto njiti hana kinga nyingine ya kutosha. Ngozi yake ni nyembamba, damu yake haijawa na askari wa kutosha, utumbo wake ni mwororo. Ukimwondolea na huyo askari mmoja aliyebaki, umemwacha mlango wazi. Mwaka 2006 uchunguzi mkubwa nchini Marekani ulionyesha kwamba dawa za kundi la ranitidini ziliambatana na ongezeko la ugonjwa wa kuoza utumbo, maradhi yanayoogopwa kuliko mengi katika wodi za watoto njiti. Mwaka 2012 madaktari wa Italia walitoa taarifa ya watoto 274 waliozaliwa na uzito mdogo sana. Katika wale waliopewa ranitidini, 37.4 kwa kila 100 walipata maambukizo, na katika wale wasiopewa ni 9.8 kwa kila 100. Waliofariki walikuwa 9.9 kwa kila 100 upande wa kwanza, na 1.6 kwa kila 100 upande wa pili.

Haki inatutaka tuseme kwamba watoto hao hawakugawanywa kwa kura. Yawezekana waliopewa dawa walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Lakini dawa ambayo faida yake haijathibitishwa, na ambayo hatari yake inanong'onwa kwa sauti kubwa kiasi hicho, haina hoja ya kuitetea. Zile za kuharakisha chakula nazo hazikuwa na mwisho mzuri. Sisapridi iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 2000 kwa sababu ya kuvuruga mapigo ya moyo. Metoklopramidi ilipewa onyo kali mwaka 2009 kwa sababu ya madhara yake katika mishipa ya fahamu. Ranitidini yenyewe iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 baada ya kugundulika uchafu unaoweza kusababisha saratani. Mwaka 2015 madaktari wa watoto wachanga wa Marekani walipoorodhesha mambo matano ambayo taaluma yao inafaa kuyaacha, la kwanza lilikuwa kuwapa watoto njiti dawa za kuzuia kucheua kama desturi, au kwa ajili ya kutibu kusita kwa pumzi. Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Watoto cha nchi hiyo kikasisitiza kwamba dawa hizo zitumike kwa nadra sana, ikiwa zitatumika kabisa.

Kuna madhara mengine yasiyotoka katika chupa ya dawa bali katika jina tunalolipa jambo. Pumzi ya mtoto aliyekwisha kutulia ikianza tena kusita ghafla, au ikisita mara nyingi kuliko jana, mara nyingi hiyo ni dalili ya kwanza ya maambukizo katika damu. Huenda pia ni dalili ya baridi, ya upungufu wa sukari, au ya damu kuvuja katika ubongo. Atakayesema, "Huyu anacheua tu, mwinueni kichwa," amejifungia mlango wa kuuliza. Saa zinazopotea hapo hazirudi. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, nayo hulipwa na mtoto asiyeweza kusema.

Wapo pia watakaosema kwamba habari hizi ni za nchi za watu, za wodi zenye vyombo vya thamani, na kwamba sisi tuna mambo yetu. Kweli tunayo, na tuyatazame. Katika nyumba zetu nyingi mtoto mchanga akilia na kucheua husemwa ana chango, akatafutiwa mizizi. Wengine humnunulia maji ya gripu dukani. Wengine humwongezea uji mwepesi ili maziwa "yakae". Wazee wetu waliyafanya hayo kwa mapenzi, nasi hatuna ruhusa ya kuwadharau. Lakini mtoto njiti si mtoto wa kawaida aliyepungua kimo. Utumbo wake hauwezi kubeba mizizi, wala unga, wala maji ya dukani. Hata huko ng'ambo walikotengeneza bidhaa maalumu za kuyazidisha maziwa uzito, mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuonya kwamba bidhaa mojawapo ya aina hiyo isipewe watoto njiti, kwa sababu ya hatari ya ule ule ugonjwa wa kuoza utumbo. Kwa hiyo yule anayechemsha mizizi kijijini na yule anayeandika cheti cha ranitidini mjini wameshikwa na jambo moja: imani kwamba kumpenda mtoto ni lazima kuwe na kitu cha kumnywesha. Hiyo ni kasumba, na haina uhusiano na kiwango cha elimu.

Tukisema hivyo hatuna maana kwamba mtoto aachwe bila msaada. Kusita kwa pumzi ni hatari ya kweli, na msaada wa kweli upo. Kwanza ni mkono wa muuguzi. Mara nyingi mtoto akiguswa tu, akasuguliwa unyayo au mgongo taratibu, hukumbuka kupumua. Lakini ili aguswe sharti awepo wa kumwona. Na muuguzi mmoja aliyeachiwa watoto thelathini hawezi kuwaona wote. Pili ni dawa ambayo imepimwa. Tangu miaka ya 1970 ilijulikana kwamba aminofilini na kafeini huuamsha ubongo wa mtoto njiti uamuru pumzi. Kafeini ndiyo salama zaidi, kwa kuwa kipimo chake chenye faida kiko mbali na kipimo chake chenye sumu. Jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Kanada liliwahusu watoto 2,006 waliozaliwa na uzito wa gramu 500 hadi 1,250, wakagawanywa kwa kura. Taarifa ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba walipofikia umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, waliokuwa wamefariki au kubaki na ulemavu walikuwa 40.2 kwa kila 100 miongoni mwa waliopewa kafeini, na 46.2 kwa kila 100 miongoni mwa wasiopewa. Kafeini imo katika orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza kwa mkazo itumike kutibu kusita kwa pumzi. Asije mtu akachemsha kahawa ya Bukoba akamnywesha mtoto! Nazungumzia dawa safi ya hospitali, inayopimwa kwa uzito wa mtoto na kutolewa na mwenye ujuzi.

Tatu ni hewa inayosukumwa puani kwa mgandamizo mdogo, ili koo laini lisijifunge. Nne, na hili ndilo nipendalo tulitafakari kwa fahari, ni kifua cha mama. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, nchini Colombia, akiwa hana mashine za joto za kutosha na wodi imejaa, aliwaweka watoto njiti katika vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, wakapata joto na maziwa ya mama. Njia iliyozaliwa na uhaba ikathibitika kuwa bora. Baadaye hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zilijiunga kupima kama inafaa mtoto awekwe kifuani mara tu azaliwapo, badala ya kusubiri atulie kwanza. Kwa upande wetu hospitali iliyoshiriki ni Muhimbili, Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: katika watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa 12.0 kwa kila 100 miongoni mwa waliowekwa kifuani mapema, na 15.7 kwa kila 100 miongoni mwa wengine. Tofauti ilikuwa wazi hata jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, kwani haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wa upande wa pili. Mwaka 2022 mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yaliifuata njia hiyo. Kwa hiyo, katika jambo hili Mtanzania si mwanafunzi tu. Ni mmoja wa waalimu wa dunia.

Linganisha sasa, ndugu msomaji. Upande mmoja dawa za tindikali ambazo hazikuonyesha faida kwa pumzi na zinashukiwa kuleta maafa. Upande mwingine mkono wa muuguzi, kafeini, hewa ya puani, maziwa ya mama na kifua chake. Kila shilingi inayotumika upande wa kwanza imenyang'anywa upande wa pili.

Tufanye nini? Kwa wenye dhamana ya makisio ya fedha, nashauri swali moja liulizwe kila mwaka: je, wodi yetu ya watoto wachanga ina wauguzi wangapi usiku, na je, dawa ya pumzi ipo stoo au imebaki katika karatasi? Ikikosekana kafeini, aminofilini bado inaweza kusaidia, ila yahitaji uangalifu mkubwa zaidi wa kipimo. Kwa waganga na wauguzi, nashauri kila tukio la pumzi liandikwe na saa yake, na lile la kucheua vivyo hivyo, badala ya kuunganishwa kwa kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Na pale mzazi anapouliza, "Mbona hamumpi dawa?" ajibiwe kwa heshima na kwa kirefu. Kumweleza mama kwa nini hapewi kitu ni tiba pia. Ni tiba ya hofu.

Kwa wazazi na kwa mwalimu atakayewafafanulia, mambo ni machache. Mtoto akisharuhusiwa kwenda nyumbani alazwe chali, hata kama anacheua. Wengi huogopa atapaliwa, lakini akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa hayapandi kirahisi kuingia mapafuni. Kuinua kichwa cha kitanda hakujaonyesha faida. Apewe maziwa ya mama, kidogo kidogo na mara nyingi. Lakini akitapika matapishi ya kijani au yenye damu, tumbo likivimba, akikataa kunyonya, akipata homa au akawa baridi, asipoongezeka uzito, au pumzi ikisita hata mara moja akiwa nyumbani, apelekwe hospitali papo hapo. Hapo si mahali pa kungoja mwalimu wala jirani. Wapo pia watoto wachache ambao kucheua kwao ni maradhi ya kweli. Kuwatambua ni kazi ya daktari, na hupatikana kwa uchunguzi.

La mwisho lahusu muda. Yote niliyoyasema kuhusu kifua cha mama yanataka mama awepo. Siku ya Mei Mosi mwaka 2024, mjini Arusha, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akimwakilisha Rais Samia Suluhu Hassan, aliwatangazia wafanyakazi kwamba kipindi cha uangalizi maalumu wa mtoto njiti hakitahesabiwa kuwa sehemu ya likizo ya uzazi, na kwamba baba wa mtoto huyo atapata siku 7 badala ya 3. Mapema mwaka 2025 marekebisho ya sheria za kazi nayo yakaongeza likizo kwa mama aliyejifungua kabla ya siku. Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini sheria husomwa na afisa utumishi na mwalimu mkuu. Huko ndiko hugeuka kuwa siku halisi za mama kando ya mwanawe, au huko ndiko huzikwa chini ya mafaili. Mkuu wa ofisi anayechelewesha barua ya likizo hiyo kwa juma moja ajue kwamba amemchelewesha mtoto kupata tiba, sawa na yule aliyefunga stoo ya dawa akaondoka na ufunguo.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika wodi ya watoto njiti kuna haraka ya aina mbili. Ipo haraka ya kumfikia mtoto aliyesita kupumua, na hiyo ni wajibu. Na ipo haraka ya kumpa dawa kabla hatujajua anaumwa nini, na hiyo ndiyo isiyo na baraka. Taifa linalojifunza kuzitenganisha haraka hizo mbili litawaona watoto wake wa gramu 1,000 wakiingia darasa la kwanza, na walimu wanaosoma makala haya ndio watakaowaita majina yao asubuhi.